Ruring'u ni mbali kwa mtoto wa Endarasha

Wasomaji wetu wengi wa pwani walilisikia jina la Endarasha kwa mara ya kwanza mwezi wa Septemba 2024, nalo lilikuja na msiba: moto katika bweni la wavulana, na watoto 21 ambao hawakurudi kwa wazazi wao. Nchi nzima iliomboleza kwa siku tatu. Tangu hapo jina hilo likitajwa, mama wa Likoni au wa Lamu hunyamaza kidogo kabla ya kusema lolote. Tunaiheshimu huzuni hiyo. Hata hivyo watoto wa upande ule wangali wanaishi, wanasoma na wanacheza, na makala yetu ya wiki hii yanahusu jambo linalowagusa wao na wetu kwa pamoja, nalo ni mahali pa kuchezea.

Endarasha ni kituo cha soko katika eneo la Kieni, kaunti ya Nyeri. Ukitoka Nyeri mjini unapita Mweiga, Mlima Kenya ukiwa upande mmoja na safu za Nyandarua, ambazo wengi bado huziita Aberdare, upande wa pili. Milima hiyo huinasa mvua kabla haijaifikia Kieni, kwa hiyo mvua ya huko si ya kutegemewa. Kisichokosa ni baridi. Watu hulima viazi, kabeji na vitunguu, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Sisi tuliozoea kuanika kanga ikakauka kabla ya adhuhuri hatuna budi kujifunza upya maana ya asubuhi tukifika huko.

Mpira unapendwa Kieni kama unavyopendwa Majengo ya Mombasa. Kiwanja cha kawaida cha kijiji ni cha shule ya msingi: milingoti ya miti kila upande, mteremko ambao kila timu hutaka kuuchezea katika kipindi cha pili, mifugo ikilisha mchana na vijana wakicheza jioni. Hakina jukwaa wala choo. Wasichana husimama pembeni na leso zao mabegani, wakitazama. Lakini vijana hawa wana uwanja mkubwa ambao wameambiwa kwa miaka mingi kuwa ni wao: Ruring'u, ulioko mjini Nyeri, ambao ulikusudiwa kuwa uwanja wa eneo zima, wenye majukwaa, njia za kukimbilia na nafasi za michezo mingine.

Ruring'u si uwanja wa jana. Mnamo Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera ya Uhuru kupandishwa, wapiganaji wa Mau Mau walitoka katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, wengine nywele zao zikiwa zimefika mabegani, wakakusanyika Ruring'u kusalimisha silaha. Kwa watu wa Nyeri, uwanja huo ni kumbukumbu kabla ya kuwa kiwanja. Babu aliyesimama pale mwaka ule akiwa kijana angetarajia kumpeleka mjukuu wake mahali palipopambwa na kutunzwa.

Hayo hayakutokea kwa wepesi. Katikati ya miaka ya 2010 Serikali ya Taifa ilitangaza kuvijenga upya viwanja kadhaa vya kaunti kupitia shirika lake la Sports Kenya, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Kinoru ya Meru ilikuwamo, na Kirubia ya Chuka, na Wote ya Makueni, na Kamariny ya Elgeyo-Marakwet, na Ruring'u ya Nyeri. Kazi ya Ruring'u ilianza, ikasimama, ikaanza tena, ikasimama tena. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza wakati mashine zinaingia uwanjani alikaribia kumaliza shule ya msingi mahali pale pakiwa pangali panaitwa mradi. Kamariny ilikuwa vivyo hivyo, na pengine vibaya zaidi, kwa kuwa ile ilikuwa njia ya mazoezi ya wakimbiaji wa Iten wanaojulikana duniani. Ilifumuliwa kwa ahadi ya kujengwa bora, kisha ikaachwa, na wakimbiaji wakatafuta pengine.

Kwa nini viwanja hukwama? Watu wengi hujibu kwa neno moja, wizi, na hatuwezi kusema kwamba neno hilo halina nafasi yake. Lakini kuna sababu nyingine isiyosikika barabarani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliipa Serikali ya Taifa kazi ya kukuza michezo, na ikazipa kaunti kazi ya michezo na majengo yake. Kwa hiyo kiwanja kimoja huweza kuwa na mama wawili. Wa Nairobi huandika zabuni na kumlipa mkandarasi. Wa kaunti humiliki ardhi na ndiye atakayekitunza. Malipo yakichelewa, mkandarasi huondoa mashine zake kimya kimya na kuzipeleka kwingine zinakolipwa. Saruji na vyuma hupanda bei wakati kazi imelala. Akirudi, hudai nyongeza. Wananchi wakiuliza, kila mama huelekeza kidole kwa mwenzake.

Lakini jambo lililotuvutia zaidi tulipoitazama kalenda ni hili. Tangu sherehe za kitaifa zianze kuzungushwa katika kaunti, viwanja vingine vimepata kukamilika, au kukaribia kukamilika, kwa sababu siku ya sherehe haiahirishwi. Siku ya Mashujaa ya mwaka 2021 ilifanyika Wang'uru, kaunti ya Kirinyaga, kwa majirani wa Nyeri. Siku ya Madaraka ya 2023 ilifanyika uwanja wa Moi mjini Embu, majirani wengine. Madaraka ya 2024 ilikwenda Kanduyi, Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro. Na sisi wa pwani tulipata yetu: tarehe 20 Oktoba 2024, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa Kwale. Rais anakuja tarehe fulani. Jukwaa lazima liwepo, barabara lazima iwe na lami, na maji lazima yafike. Mkandarasi hulipwa kwa wakati kwa sababu aibu ina tarehe.

Nyeri nayo iliwahi kupewa zamu yake. Ilikuwa Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2017. Lakini sherehe hiyo haikufanyika Ruring'u. Ilifanyika Kabiru-ini, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo. Wageni walikuja, gwaride likapita, wakaondoka. Ruring'u ikabaki bila tarehe, na mradi usio na tarehe, katika nchi yetu, hauna haraka. Hatusemi kwamba sherehe ni njia nzuri ya kujenga viwanja. Tunasema tu kwamba ndiyo njia iliyofanya kazi, na hilo lenyewe ni jambo la kusikitisha: kwamba mtoto apate pa kuchezea kwa sababu mgeni mkubwa atahitaji pa kukaa kwa saa nne.

Kwa mambo makubwa ya kimataifa historia yetu inafanana na hiyo. Kenya ilikuwa imepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ikanyang'anywa kwa kutokuwa tayari, na Afrika Kusini ikaandaa. Mwaka 2017 ikanyang'anywa mashindano ya CHAN yaliyokuwa yafanyike 2018, kwa sababu ile ile ya viwanja, na Morocco ikayachukua. Hatimaye, mnamo Agosti 2025, CHAN ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, ikiwemo Unguja kwenye uwanja wa Amaan, na sasa nchi hizo tatu zinaliandaa Kombe la Afrika la 2027. Ni fahari, na tuliishangilia. Lakini fedha nyingi za maandalizi nchini kwetu zimekwenda Nairobi, ukiwemo uwanja mpya wa barabara ya Ngong uliojulikana kwa jina la Talanta, wa viti 60,000. Kijana wa Endarasha atautazama katika televisheni ya mkahawa, sawa na kijana wa Faza.

Tuseme neno kuhusu nyasi, maana hapa Nyeri ina utajiri ambao wenyewe hawautaji. Nyasi zinazotandaa zenyewe kwenye nyanda za juu za Kenya, zile ambazo mkulima wa Kieni huzing'oa kwa hasira shambani mwake, ndizo ambazo Australia na Afrika Kusini huzipanda kwenye viwanja vya michezo na malisho, na huko huitwa kwa jina la Wakikuyu, kwa kuwa asili yake ni huku. Zina mizizi mirefu, hustahimili kukanyagwa na hujiponya haraka. Kwetu pwani jamaa yake ni ukoka, ambao wataalamu wa viwanja huuita bermuda, nao hupenda jua na kustahimili chumvi. Mungu ameziweka nyasi za viwanja pande zote mbili za nchi. Kinachokosekana ni mtu wa kuzikata, maji ya kuzinyweshea wakati wa kiangazi, na mitaro ya kuondoa maji wakati wa masika. Kiwanja kisicho na mitaro ni bwawa kwa miezi miwili na jiwe kwa miezi minne, hata kikiwa na majukwaa ya marumaru.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Kiwanja cha mpira cha kimataifa ni mita 105 kwa mita 68, yaani chini ya ekari mbili. Ukikizungushia njia ya kukimbilia ya mita 400 yenye safu nane, unahitaji kama ekari nne. Kijiji kikubwa kinaweza kuzipata. Tukiangalia bei ya jukwaa moja la saruji la uwanja mkubwa, tunaamini, na hii ni kauli yetu wenyewe, kwamba fedha hizo zingesawazisha viwanja vya shule vingi vya Kieni, zikavichimbia mitaro, zikavijengea vyoo na kuvipa tangi la maji. Hilo lisingekatiwa utepe na mtu yeyote mashuhuri. Ndiyo maana halifanyiki.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Uwanja wa eneo ni jambo jema, na Ruring'u unastahili kukamilika. Lakini uwanja wa eneo ni kilele cha ngazi, na ngazi yenyewe ni viwanja vya shule na vya vijiji. Nyeri inalijua hilo kuliko mahali pengi. Catherine Ndereba alizaliwa mwaka 1972 katika kijiji cha Gatunganga, Nyeri. Hakuletwa na uwanja wa viti. Alikua akikimbia kwenye udongo, na mwaka 2001 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake mjini Chicago, saa 2 dakika 18 na sekunde 47. Alishinda ubingwa wa dunia mara mbili, 2003 na 2007, akaleta medali za fedha za Olimpiki kutoka Athens mwaka 2004 na Beijing mwaka 2008, na Boston aliishinda mara nne. Alishindana katika ngazi hiyo akiwa tayari ni mama. Tunawaomba mabanati wetu walishike jina hilo.

Na sasa tuwazungumzie hao mabanati, kwa sababu wasomaji wetu wa kike wametufundisha kuuliza swali ambalo wahandisi wa viwanja hawalijibu: mlango wa mwanamke uko wapi?

Mwaka 2024 timu ya wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 ilifika Kombe la Dunia nchini Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya, ya kiume au ya kike, kufika kombe lolote la dunia la FIFA, na ilipata ushindi dhidi ya Mexico. Wasichana wale walitoka shule za kawaida na viwanja vya kawaida. Je, walibadilisha nguo wapi walipoanza? Tuliotazama mechi za shule tunajua jibu: nyuma ya darasa, mwenzake akishika leso kuwa pazia. Kwa binti wa Kiislamu hilo peke yake linatosha kumrudisha nyumbani. Baba hahitaji kumkataza. Msichana mwenyewe hujihesabia aibu, akasema tumbo linamuuma, na mwalimu hamuulizi tena.

Kwa muda mrefu kulikuwa na kizuizi cha mavazi pia. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki nchini Jordan kwa sababu ya kufunika kichwa. Baada ya majaribio, bodi ya sheria za mpira iliruhusu rasmi vifuniko vya kichwa mnamo Machi 2014. Mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia la Wanawake huko Australia na New Zealand, beki wa Morocco Nouhaila Benzina akawa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika mashindano hayo. Kwa hiyo hoja kwamba sitara na mpira havikai pamoja imekwisha. Kilichobaki ni chumba chenye mlango unaofungwa, na maji.

Kwa watazamaji nako mambo yamesogea, tena katika nchi ambazo hatukutarajia. Mnamo Januari 2018 wanawake wa Saudia waliruhusiwa kuingia uwanjani kutazama mpira, mechi ya kwanza ikiwa Jeddah, na waliandaliwa sehemu ya familia yenye lango lake, vyoo vyake na mahali pake pa kuswali. Unguja, uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 na kufunguliwa upya mwishoni mwa 2023 baada ya ukarabati mkubwa, huwajaza kina mama na buibui zao kwenye Kombe la Mapinduzi. Na Unguja ndiko ilikotoka timu ya wanawake ya Women Fighters, ambayo habari zake zilitengenezewa filamu. Hatuhitaji kuiga kila kitu cha kila mahali. Lakini sehemu ya familia ni jambo la ramani na fedha kidogo, si jambo la mapinduzi, na likifikiriwa siku ya kuchora halina gharama kubwa. Likifikiriwa baadaye, hujengwa kwa mabati nyuma ya choo cha wanaume.

Pamoja na hilo kuna usalama. Mnamo Oktoba 2010 watu saba walikufa katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mwaka 2022, huko Kanjuruhan, Indonesia, watu 135 walikufa walipokimbilia milango baada ya mabomu ya machozi kurushwa, na wengi walikuwa watoto na vijana. Mama anapouliza idadi ya milango na upana wake, na ni nani mwenye funguo mechi ikiendelea, haulizi mambo ya pembeni. Anauliza jambo la kwanza.

Saa ya mechi nayo ina maana yake. Mchezo ukianza saa tisa, mapumziko huangukia karibu kabisa na wakati wa alasiri. Bomba la kutia udhu na mkeka kwenye kivuli cha jukwaa vingewatosha watu, wala hakuna ambaye angekosa kipindi cha pili. Hata Nyeri, ambako Waislamu ni wachache na wengi wao wana asili ya Majengo, mtaa ambao miji mingi ya bara inao kwa historia ya wapagazi, askari na wafanyabiashara waliotoka pwani, jambo hili si geni. Ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Mtu wa pwani akisoma habari za Ruring'u asicheke. Mombasa ilikuwa mji wa mpira kabla ya miji mingi. Klabu ya Feisal ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, na wazee wetu wanaweza kuwataja wachezaji wake kwa majina ya utani hadi leo. Kisha uwanja wa manispaa ukafungwa mwishoni mwa miaka ya 2010 ili ujengwe upya kwa kiwango cha kimataifa. Majukwaa ya zamani yakabomolewa. Miaka ikapita bila mechi, na Bandari ikachezea Mbaraki. Kijana aliyekulia Tononoka wakati huo aliuona uwanja wa mji wake kama uzio wa mabati. Nyeri na Mombasa, mji wa mlima na mji wa bahari, zilitendewa sawasawa: kidogo kilichokuwepo kilivunjwa kwa ajili ya kikubwa ambacho hakikuja kwa wakati. Sisi tunaona kwamba hilo ndilo kosa kuu katika mambo haya yote. Afadhali uwanja wenye jukwaa la mbao linalotumika Jumamosi kuliko picha ya jukwaa la viti 20,000 kwenye ubao wa barabarani.

Na wakati kikubwa kinasubiriwa, vidogo huliwa. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi shuleni baada ya mgomo wa walimu wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipousukuma ukuta ule, pamoja na wanaharakati, walirushiwa mabomu ya machozi wakiwa na sare zao. Picha zile zilizunguka dunia, na uwanja ukarudishiwa shule. Ni viwanja vingapi havikupigwa picha? Kila mtaa wa pwani una uwanja ambao wazazi husema, hapa ndipo tulipocheza, huku wakinyoosha kidole kwenye ghorofa. Shule nyingi za umma hazina hati miliki za ardhi zao. Kiwanja kisicho na hati ni cha yeyote mwenye haraka. Kieni bado ina ardhi, na watu wa mjini wanaanza kuitazama. Hapo ndipo tunapowahofia watoto wa Endarasha, zaidi kuliko tunavyowahofia kwa kuchelewa kwa Ruring'u.

Kuna mlango ambao kina mama wanaweza kuupita, nao si wa siri. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kila hatua ina vikao vya wananchi, mara nyingi siku ya kazi, asubuhi, katika ukumbi wa wadi au chini ya mti wa shule. Wanaohudhuria kwa kawaida ni wanaume wenye nafasi na vijana wanaotafuta zabuni. Barabara hutajwa, zahanati hutajwa, na uwanja hutajwa tu ukiwa mkubwa.

Mama wa Mwiyogo au Endarasha anayekwenda katika kikao hicho, na dada yake wa Kisauni au Matuga anayekwenda katika chake, anaweza kuwa na karatasi yenye maswali machache. Uwanja wa shule yetu una hati, na iko wapi? Mwaka huu umetengewa kiasi gani kwa mitaro na maji, si kwa majukwaa? Chumba cha wasichana kitakuwa upande gani, na mlango wake unafungwa kwa ndani? Uwanja mkubwa ukikamilika, ni siku ngapi kwa mwezi shule zitaingia bure, na nani atalipa gari la kuwaleta watoto wa mbali? Swali la mwisho ndilo linalowapa taabu viongozi, kwa kuwa halina utepe wa kukatwa. Karani wa kikao aombwe kuyaandika maswali hayo katika kumbukumbu, pamoja na jina la wadi na tarehe. Nakala ya kumbukumbu hizo inaweza kuombwa, na mwaka unaofuata, kikao kinapoitishwa tena, ndiyo karatasi ya kwanza ya kuiweka mezani.